Desemba Isiyohesabiwa

Panda Hiace ya Muleba pale stendi ya Bukoba, wiki ya pili ya Desemba, ukae kiti cha nyuma ya dereva. Gari haliondoki mpaka lijae, na mwezi huo linajaa upesi. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Kampala, na mabegi yao ni mengi mpaka mengine yanapakatwa. Redioni kumechomekwa flashi. Unaanza wimbo wa Diamond Platnumz, unafuata wa Kiganda ambao nusu ya abiria wanauitikia, kisha kwaya, kisha Zuchu, kisha ngoma ya Kihaya iliyorekodiwa harusini kwa watu, vigelegele vikisikika ndani yake na mbwa akibweka kwa mbali. Mwimbaji wake hakuna anayemjua jina. Mkifika Kemondo, ziwa likitokeza upande wa kushoto, mama mmoja atamwomba dereva aurudie ule wa Kihaya, na dereva ataurudia. Muhutwe, Kagoma, hadi Muleba mjini, kilomita zipatazo 70, abiria mtakuwa mmesikiliza nyimbo zisizopungua 20. Hakuna hata mmoja kati ya hizo ulioingia katika hesabu ya mtu yeyote.

Majuma hayo hayo ndiyo ya orodha. Kampuni zinazopiga muziki mtandaoni hutangaza nyimbo zilizosikilizwa zaidi mwaka mzima, na simu zote hujaa picha za rangi kali zenye majina na tarakimu. Spotify, kampuni ya Sweden iliyofungua huduma yake Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021, hutoa muhtasari wake mwishoni mwa Novemba au siku za kwanza za Desemba. Mwaka 2022 wimbo uliosikilizwa zaidi huko duniani kote ulikuwa As It Was wa Harry Styles. Mwaka 2023 ulikuwa Flowers wa Miley Cyrus, na 2024 ukawa Espresso wa Sabrina Carpenter, uliochezwa zaidi ya mara bilioni 1.6. Boomplay, Audiomack, Apple Music na YouTube nao wana orodha zao. Hapa kwetu mashabiki wa Diamond na wa Alikiba hupata la kubishania kijiweni mpaka Krismasi.

Mimi ni mtoto wa Muleba, na orodha hizo nazifuatilia kila mwaka kwa hamu. Nazipenda. Ni mara ya kwanza katika historia ya muziki wetu kwa tarakimu kuwekwa mezani, kila mtu azione, bila kutegemea neno la mwenye studio au la mwenye duka la kaseti. Lakini kila ninapozisoma nikiwa nyumbani, na sabufa ya jirani ikitikisa migomba, naona pengo kati ya kinachoandikwa kwenye simu na kinachosikika nje ya dirisha. Pengo hilo lina sababu zinazoeleweka, na baadhi yake tunaweza kuziondoa wenyewe.

Sababu ya kwanza ni kalenda. Hesabu ya mwaka ya Spotify huanza Januari mosi na hufungwa majuma kadhaa kabla ya siku ya kutangazwa. Desemba haimo. Kwa mtu wa Stockholm pengine hilo si tatizo kubwa. Kwa Kagera, Desemba ndiyo kilele cha muziki. Senene wakianza kuanguka Novemba, mwezi ambao jirani zetu Waganda wanauita Museneene kwa sababu hiyo hiyo, watu hujua kwamba nyumba zitaanza kufunguliwa. Wenye nyumba waliokaa mbali mwaka mzima wanakuja. Mahari zinapelekwa, harusi zinafungwa mbili tatu kwa Jumamosi moja katika kijiji kimoja, watoto wanabatizwa, ukoo unakutana kwa ibada ya kumkumbuka mzee aliyefariki Machi na wengi hawakuwahi mazishi. Kila shughuli ina muziki wake, na muziki huo unaanza jioni hadi alfajiri. Ukihesabu saa ambazo mtu wa Kamachumu au Nshamba anakuwa karibu na muziki unaopigwa kwa sauti, Desemba peke yake inaweza kushinda miezi mitatu ya masika. Saa zote hizo ziko nje ya hesabu ya mwaka wa orodha.

Wanamuziki nao huathirika. Diamond alitoa Waah, aliomshirikisha Koffi Olomide, tarehe 30 Novemba 2020, na Krismasi ya mwaka ule haikuwapo harusi nchini iliyoukosa. Kwa kalenda ya namna hii, wimbo wa siku kama hiyo huanza kuhesabiwa mwaka unaofuata, joto la kwanza likiwa limekwisha kupita.

Sababu ya pili ni flashi yenyewe.

Mtu akiniuliza ni nyimbo zipi zilitamba mwaka huu Kagera, sitafungua simu. Nitakwenda kwa kijana mwenye kompyuta na spika mbili, anayekaa kwenye kibanda karibu na stendi au sokoni, akiingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi za watu kwa malipo madogo. Kila mji mdogo wa mkoa huu una kijana wa namna hiyo. Yeye ndiye anayejua. Anajua waendesha bodaboda wanataka singeli na nyimbo za Kiganda zenye mdundo wa kasi. Anajua akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wanataka kwaya, na kwaya ipi. Anajua mvuvi anayerudi Bumbire, Ikuza au Goziba, visiwa vya Wilaya ya Muleba, anataka kadi ijae mpaka pomoni kwa sababu usiku wa dagaa ni mrefu na mtandao katikati ya ziwa hautegemeki. Mvuvi huyo akifika mwaloni, wenzake watano watamwomba awarushie nyimbo kwa programu ya Xender, na kufikia asubuhi wimbo mmoja umekaa kwenye simu sita bila senti moja ya bando kutumika.

Hapo ndipo mashine ya kuhesabu inapokoma. Kila rekodi inayoingizwa rasmi kwenye huduma za mtandaoni hupewa msimbo wake wa ISRC, herufi na tarakimu 12, kama namba ya usajili wa gari. Ukibonyeza wimbo ndani ya programu ya Spotify na ukafika sekunde ya 30, msikilizo mmoja unaandikwa kwenye msimbo huo. Wimbo uliorushwa kutoka simu hadi simu hauna wa kuuandika. Unaweza kupigwa mara elfu moja pale mwaloni Ikuza ukabaki sifuri Stockholm, Lagos na Nairobi.

Kampuni zilizoielewa Afrika zilijaribu kuukaribia ukweli huu. Boomplay ilianza mwaka 2015 ikiwa imepachikwa tayari ndani ya simu za Tecno, na baadaye Infinix na itel, zote za kampuni moja ya China iitwayo Transsion. Kijana wa Katerero aliyenunua Tecno yake ya kwanza aliikuta Boomplay ndani, kabla hajajua Spotify ni nini. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, ikachagua njia nyingine: mtu apakue wimbo bure, asikilize tangazo, na mwanamuziki agawiwe sehemu ya fedha za tangazo. Mdundo ilifika mbali kiasi cha kuorodheshwa katika soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020. Njia zote mbili zinakiri kwamba msikilizaji wetu anataka wimbo akae nao, aupige hata akiwa hana bando. Bado, wasikilizaji wa kibanda na flashi ni wengi.

Tuliwahi kuona kwa macho yetu tofauti ya kuhesabiwa na kutohesabiwa, na wimbo uliotuonyesha ulitoka hapa hapa.

Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kagera, alitoa albamu ya Maria Salome. Aliimba kwa Kihaya, ngoma zikimsindikiza, kwa namna ambayo mtu wa Bukoba angeisikia kwenye ua wa harusi. Wimbo wenye jina hilo, ambao wengi waliuita Chambua Kama Karanga, ulivuka mipaka yote ambayo tulidhani lugha ndogo haiwezi kuvuka. Nilikuwa shuleni mbali na nyumbani, kati ya wanafunzi wa makabila kama thelathini, na wote waliuimba. Waliyakosea maneno, wakayabadilisha, wakaniuliza maana yake mpaka nikachoka kufasiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona Kihaya kikitamaniwa na watu ambao si Wahaya. Uganda waliupokea kama wa kwao, na haishangazi, maana Kihaya na lugha za Ankole na Buganda ni ndugu wa nyumba moja.

Ulikuwa wakati wa kaseti. Kaseti moja halali ilizaa nakala nyingi, na nakala zikazaa nakala. Wimbo huo ulipigwa mara ngapi Afrika Mashariki kati ya 2001 na 2005? Nafasi ya kuhesabu haikuwapo. Ulipita kwenye redio, kwenye daladala, kwenye baa, kwenye kumbi, ukawatajirisha wengi waliouuza mitaani, na tarakimu yake ikapotea hewani kama moshi wa jikoni.

Miaka 15 ikapita. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Bukoba. Watu walikufa, mamia ya nyumba na madarasa yakaanguka, na mkoa mzima ulikuwa ukilala nje. Mwezi huo huo Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida. Naikumbuka vizuri hali ya mambo: tukiwa katika msiba na maturubai, simu zikaanza kulia ule mdundo tuliokua nao, ukiwa umevaa nguo mpya. Wazee waliutambua mara moja. Vijana waliozaliwa baada ya 2001 walidhani ni wa Diamond, ikabidi waambiwe.

Safari hii kila kitu kilihesabiwa. YouTube iliandika kila aliyeitazama video, hadi tarakimu ya mwisho, na kila mtu aliiona ikipanda. Dunia ya muziki ilithibitisha kwa takwimu kitu ambacho ua wa harusi wa Kagera ulikijua tangu zamani: kwamba mdundo ule una nguvu ya kumwinua mtu kitini popote alipo. Mwaka uliofuata, 2017, Saida mwenyewe alirudi na wimbo Orugambo, na magazeti yakamwandika upya. Nafurahi kwamba alirudi. Lakini kila nikikumbuka nauona uzito wa jambo hili: uimbaji wa mara ya kwanza, uliobeba kila kitu, ulipita bila hesabu, na uimbaji wa mara ya pili ukaandikwa mpaka senti.

Zamani aliyeamua wimbo wa mwaka alikuwa mtu, na alikaa redioni. Kagera ina sehemu yake katika historia hiyo kupitia Ruge Mutahaba, mmoja wa waliojenga Clouds Media Group na mwanzilishi wa THT, nyumba ya vipaji iliyowalea Barnaba, Linah, Mwasiti, Nandy na wengine. Alifariki tarehe 26 Februari 2019 na akazikwa nyumbani kwao Bukoba tarehe 4 Machi, mji ukiwa umesimama. Watu kama yeye walikuwa na masikio, na masikio hayo yaliweza kupendelea au kukosea, lakini pia yaliweza kuusikia wimbo ambao hakuna mtu aliyeuomba bado. Mashine haina uwezo huo. Inajua kilichobonyezwa tu, kisha inakupa kinachofanana nacho.

Redio za kwetu bado zina masikio. Kasibante FM ya Bukoba na Redio Kwizera ya Ngara, kwa kutaja mbili tu, hupokea salamu na maombi ya nyimbo kutoka vijiji ambavyo havimo kwenye ramani ya kampuni yoyote ya muziki. Kwa kanuni za utangazaji za nchi, watangazaji huzungumza Kiswahili au Kiingereza. Hivyo Kihaya hupata nafasi yake redioni hasa kupitia nyimbo, dakika nne nne. Ndiyo maana wimbo wa Kihaya ukipigwa, mama aliyeko bustanini anaacha jembe. Kwake yeye hiyo ndiyo lugha ya nyumbani ikisemwa na chombo kikubwa.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni enanga, au nanga.

Msomaji asiye wa Kagera afikirie kipande cha mti kilichochongwa kama trei ndefu, uzi mmoja ukapitishwa huku na huko mara saba au nane, ukakazwa. Mpigaji hukaa chini, hukiweka mapajani, huanza taratibu. Kisha anasimulia kwa kuimba: habari za wafalme wa Ihangiro, ambayo leo ni sehemu ya Muleba, na wa Kiziba na Kyamutwara, habari za mashujaa, usaliti, mapenzi, vita. Kachwenyanja, Rukiza na Kaitaba ni tendi za namna hiyo, na jina la Kaitaba hata mpenzi wa mpira asiyejua neno la Kihaya analijua, kwa sababu ndilo jina la uwanja wa Bukoba. Mwaka 1983 Mugyabuso Mulokozi, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mzaliwa wa Kagera, alichapisha makala kuhusu waimbaji hao wa nanga. Mwaka 1970 mtafiti Ruth Finnegan alikuwa ameandika kwamba tendi ni adimu mno katika Afrika kusini mwa Sahara. Mulokozi alimjibu kwa kuweka mezani ushahidi kutoka kwa wazee wetu wenyewe, wakiwa na nanga zao mapajani. Ni moja ya kazi za kitaaluma ninazojivunia zaidi kama Mtanzania.

Utendi wa enanga unaweza kwenda nusu saa na zaidi. Weka hilo kando ya kanuni ya sekunde 30. Msikilizaji akiusikiliza utendi wa dakika 30 mwanzo hadi mwisho, ameandikiwa msikilizo mmoja. Msikilizaji mwingine akitumia nusu saa hiyo hiyo kusikiliza nyimbo za dakika mbili na nusu, ameandikiwa misikilizo 12. Fedha hufuata misikilizo. Spotify haina bei maalumu ya msikilizo. Hukusanya mapato ya nchi husika kwa mwezi na kuyagawa kwa kadiri ya hisa ya kila wimbo katika misikilizo yote. Kwa hiyo mzee wa nanga na kijana wa wimbo mfupi wakimshika msikilizaji kwa muda sawa, kijana anapata mara 12 ya mzee. Kwa jinsi hesabu ilivyo, sanaa ya kusimulia kwa utulivu inaadhibiwa kwa utulivu wake. Ndiyo sababu mojawapo ya nyimbo mpya duniani kote kuzidi kuwa fupi, na kiitikio kutangulizwa mwanzoni kabla msikilizaji hajahama.

Sauti za Kagera zimewahi kuhifadhiwa kwa heshima, ila mbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi ngoma na ala za makabila, Wahaya wakiwamo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Mtoto wa Rubya anayetaka kusikia walivyopiga babu zake wa 1950 anaelekezwa Afrika Kusini. Na zile za baada ya hapo, za miaka ya 1970 na 1980, zilizorekodiwa kwa redio kaseti ya National kwenye sebule za watu, ziko ndani ya masanduku, chini ya vitanda, katika nyumba ambazo hufunguliwa Desemba tu.

Kuhusu fedha, tusidanganyane. Shirikisho la kampuni za kurekodi muziki duniani, IFPI, lilitangaza kwamba mwaka 2024 muziki uliorekodiwa uliingiza dola bilioni 29.6 duniani kote. Afrika yote ya kusini mwa Sahara iliingiza dola milioni 110, na hiyo ilikuwa sherehe, maana ilikuwa mara ya kwanza kuvuka milioni 100. Robo tatu ya hizo ni za Afrika Kusini peke yake. Nchi zote zilizobaki, Nigeria yenye Burna Boy na Wizkid ikiwamo, na sisi tukiwamo, tuligawana kama milioni 28. Mwanamuziki wa Muleba asiache shamba lake la kahawa akidhani Spotify itamjengea nyumba. Harusi za Desemba zinamlipa zaidi, tena siku hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, nasisitiza kwamba kuhesabiwa kuna faida kubwa hata kama fedha ni kidogo. Aliyeko kwenye hesabu anapatikana. Mtoto wa Mhaya aliyezaliwa Leicester au Toronto anayeandika neno la Kihaya kwenye simu yake anapaswa kukuta kitu. Msanii mkubwa akitaka kuujenga wimbo mpya juu ya wimbo wa zamani, kama ilivyokuwa kwa Salome, anapaswa kujua ni nani wa kumwomba ruhusa na nani wa kumlipa. Wimbo usio na jina la mtunzi hauna wa kuulinda.

Nimejaribu mwenyewe. Mwaka juzi nilimsaidia ndugu yangu, mpigaji ngoma wa harusi, kupeleka nyimbo zake nne kwa kampuni moja inayosambaza muziki kwenye huduma hizi. Fomu ilitaka lugha ya wimbo. Tulishuka orodha mara tatu: Kihaya hakimo, ingawa kina msimbo wake katika orodha ya kimataifa ya lugha. Tukaandika Kiswahili, na nikajisikia vibaya kama mtu aliyemwandikisha mtoto kwa jina la ukoo wa jirani. Ikaja sehemu ya mtunzi. Ndugu yangu alisema wimbo mmoja aliupokea kwa marehemu baba yake mdogo, naye aliupokea kwa mtu wa Kanyigo. Fomu haikuwa na mahali pa maelezo hayo. Tuliandika jina la baba mdogo, tukakubaliana kwamba kikija chochote sehemu iende kwa mjane wake.

Nyimbo hizo zipo mtandaoni mpaka leo, na kupitia hizo nilijifunza kanuni moja ambayo ningependa kila mpiga ngoma wa Kagera aijue. Tangu mwanzoni mwa 2024, Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha misikilizo 1,000 katika miezi 12 iliyopita, na wasikilizaji sharti wawe watu mbalimbali, si simu moja inayozungushwa usiku kucha. Ndugu yangu aliposikia elfu moja alikata tamaa. Nikachukua karatasi. Elfu moja gawanya kwa siku 365 ni chini ya watatu kwa siku. Watu watatu! Kagera kwa sensa ya 2022 ina watu karibu milioni tatu. Hapo hujawagusa walioko Dar es Salaam, Mwanza, Kampala, Muscat na London, ambao ndio hasa wenye bando na wenye hamu ya nyumbani. Kundi moja la WhatsApp la ukoo lina watu mia na zaidi. Kizingiti hicho kinarukika.

Basi nawaomba watu wa aina tatu.

Vijana wa vibanda vya stendi na sokoni, ninyi ndio maktaba yetu kwa sasa. Mnapoingiza wimbo wa harusi kwenye kompyuta, msiuite Wimbo 47. Ulizeni ni nani anaimba, ni wa wapi, umerekodiwa mwaka gani, muandike kwenye jina la faili. Ni kazi ya dakika moja. Jina likishaandikwa litasafiri na wimbo kutoka simu hadi simu, hadi mwaloni Goziba.

Wapiga ngoma, wapiga nanga na walimu wa kwaya, nendeni mkasajili kazi zenu COSOTA, ofisi iliyoundwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 kwa ajili yenu. Ukishasajili, mtafute kijana wa familia anayejua mtandao, aupandishe wimbo kwenye huduma hizi kwa jina lako kamili na jina la aliyekufundisha. Mzee wa nanga mwenye utendi wa nusu saa aupeleke mzima kwanza. Akitaka, baadaye augawe kwa sura, kila sura na jina lake, kama alivyozoea kupumzika kati ya tukio na tukio akinywa maji. Hilo halivunji utendi, na hesabu itamtendea haki zaidi.

Na ninyi mnaorudi Desemba hii, mkishafungua nyumba na kufagia, fungueni na sanduku. Kama kuna kaseti ya enanga ya babu, msiwape watoto wavute utepe wake. Mtafuteni aliye hai anayeitambua sauti iliyomo, andikeni jina la mwimbaji na kijiji chake juu ya karatasi, kisha mjini Bukoba mtampata fundi wa kuihamishia kwenye kompyuta. Fanyeni hivyo mwaka huu, kwa sababu anayeitambua sauti hiyo ana miaka zaidi ya 80.